Moto Umepatikana, Ukuta Je?

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miale ya leza yenye nishati ya megajuli 2.05 ilielekezwa kwenye kitone cha haidrojeni nzito, na kitone kikatoa megajuli 3.15. Oktoba ya mwaka uliofuata, mtambo wa JET ulioko Culham, Uingereza, ulitoa megajuli 69 kwa sekunde tano hivi, na mafuta yaliyotumika hayakufika hata nusu miligramu. Februari 2025, mtambo wa WEST wa Ufaransa ukaishikilia plazma, gesi ya moto mkali mno, kwa sekunde 1,337. Habari zote tatu zilizunguka dunia, na zilistahili. Hata hivyo, hakuna hata moja iliyotueleza jinsi chuma kitakachouzunguka moto huo kitakavyokuwa baada ya miaka kumi ya kazi. Megajuli 69 zile, zingepimwa kwenye mita ya nyumbani, ni kama uniti 19. Kinu cha kuuza umeme kitatakiwa kutoa zaidi ya mara kumi ya hizo kila sekunde, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, na sehemu kubwa ya nishati hiyo itapitia ukutani. Hoja yangu ni kwamba umeme wa muunganiko wa nyuklia utakuja kwa mwendo wa ushahidi tulio nao kuhusu ukuta huo, na kwamba ushahidi wenyewe hauwezi kupatikana mpaka ijengwe mitambo maalumu ya kuupima. Mitambo hiyo inastahili kutangulia kwenye foleni ya fedha na ya heshima. Wapo wasiokubali, na hoja zao zina uzito. Nitawasikiliza mmoja mmoja.

Kwanza tutazame kinachotokea ndani ya chuma, maana ubishi wote unaanzia hapo. Diuteriamu na tritiamu, yaani zile haidrojeni nzito, zikiungana, huzaliwa kiini cha heliamu na nyutroni moja. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo sumaku zinazoishikilia plazma haziiwezi. Inaondoka na elektronivolti milioni 14.1, yaani asilimia 80 ya nishati yote iliyozalishwa, na kuingia moja kwa moja ukutani. Humo inagonga atomu ya chuma. Atomu hiyo huhitaji elektronivolti 40 hivi tu ili ing'oke mahali pake katika mpangilio wa fuwele, ilhali nyutroni inaweza kuipa karibu milioni moja. Iliyogongwa inagonga jirani zake, nazo zinagonga jirani zao, na kabla hata sehemu ya bilioni ya sekunde haijapita, maelfu ya atomu yamehama. Nyingi hurudi penye nafasi. Zisizorudi huacha matundu matupu upande mmoja, na upande mwingine hubaki atomu zilizobanwa pasipo pao. Wataalamu hupima madhara haya kwa kuhesabu kila atomu imeng'olewa mara ngapi kwa wastani. Ukuta unaopokea nyutroni za megawati moja kwa kila mita ya mraba hupata ming'oko kama 10 kwa kila atomu kwa mwaka mzima wa kazi. ITER, mtambo mkubwa unaojengwa na mataifa mengi kusini mwa Ufaransa, hautafikisha 3 katika uhai wake wote. Kinu cha maonyesho cha Ulaya, DEMO, kimekadiriwa ming'oko 20 kwa ukuta wake wa mwanzo na 50 kwa ukuta utakaoufuata. Kinu cha biashara kinatarajiwa kuvuka 100. Kwa maneno mengine, tunataka kila atomu ya ukuta ing'olewe mahali pake mara hamsini, mara mia, na ukuta ubaki umesimama, hauvuji, haujapinda, na bado unapitisha joto.

Si hayo tu. Nyutroni yenye nguvu kiasi hicho hufanya jambo ambalo nyutroni za vinu vya kawaida vya urani, zenye wastani wa elektronivolti milioni 2, hulifanya kwa nadra: huingia ndani ya kiini cha chuma, kikatema heliamu. Ni gesi ileile inayotafutwa chini ya miamba ya Rukwa nchini Tanzania, ambako ilizaliwa kutokana na kuoza kwa urani na thoriamu kwa muda mrefu sana. Humu inazaliwa katikati ya feleji isiyo na upenyo wa kutokea. Haiungani na chochote. Inahama taratibu hadi ikutane na tundu tupu, au na mpaka kati ya fuwele moja na nyingine, na hapo hujikusanya kuwa viputo. Kwa kila mng'oko mmoja, ukuta wa kinu cha muunganiko hupata kama atomu 10 za heliamu kwa kila milioni; katika vinu vya nyutroni za kasi vya urani, kiasi hicho hakifiki hata moja. Viputo vinavyojipanga kwenye mipaka ya fuwele huifanya feleji ivunjike kama kigae pale ambapo ingepaswa kunyumbuka. Tena feleji yenye zaidi ya atomu moja hivi ya heliamu kwa kila milioni hupasuka ikichomelewa kwa njia zilizozoeleka. Maana yake ni kwamba ukuta uliokwisha kufanya kazi hata kwa miezi michache ni mgumu kutengenezwa palepale ulipo. Jambo hili la pili, la heliamu, ndilo linaloigawa kambi ya wahandisi.

Wa kwanza kusimama ni mwenye hesabu. "Ndugu mwandishi," anasema, "unazungumza kana kwamba tumekaa tu. Tangu miaka ya 1980 tumetengeneza feleji maalumu kwa kazi hii. Ulaya wana EUROFER97, Wajapani wana F82H, Wachina wana CLAM. Tumeondoa molibdeni na niobiamu, tumeweka tangsteni na tantali, ili chuma kisibaki na mionzi kwa maelfu ya miaka. Tumezitia feleji hizi ndani ya kinu cha BOR-60 kule Dimitrovgrad, Urusi, na ndani ya kinu cha HFIR kule Oak Ridge, Marekani, hadi zikapata ming'oko ya makumi. Tunazipiga kwa miale ya ayoni, tukapata kwa siku chache madhara ambayo kinu kingeyaleta kwa miaka. Na kompyuta zetu zinaifuata atomu moja moja tangu igongwe. Tukiunganisha haya yote, tunajua vya kutosha kujenga."

Nusu ya maneno yake ni kweli tupu, na inastahili sifa kuliko inavyosifiwa. Uamuzi wa kuiondoa niobiamu, kwa mfano, ulikuwa wa busara kubwa: ikipigwa nyutroni hugeuka niobiamu-94, ambayo huchukua karibu miaka 20,000 kupungua nusu. Feleji isiyo nayo inaweza kutulia ndani ya karne moja hivi kiasi cha kushughulikiwa bila kuzikwa shimoni milele. Kazi yenyewe si nyepesi, kwa sababu niobiamu hiyo haitakiwi kuzidi sehemu chache sana kwa milioni, na viwanda vya chuma vinavyoyeyusha vyuma chakavu havijazoea usafi wa namna hiyo. Mwaka 2025 mamlaka ya nishati ya atomu ya Uingereza ilitangaza kwamba tani 5.5 za feleji ya aina hii zimeyeyushwa kwa tanuri la umeme la kiwandani huko Middlesbrough. Hiyo ni hatua ya kweli kutoka maabara kwenda sokoni. Lakini uzito wa hoja yake uko katika neno "tukiunganisha", na hapo ndipo tunapoachana. BOR-60 hutoa ming'oko bila heliamu ya kutosha. HFIR inaweza kutoa heliamu endapo watafiti watatia nikeli au boroni ndani ya sampuli, lakini nikeli na boroni zenyewe huibadilisha feleji, hivyo ikivunjika hujui ni heliamu iliyoivunja au ni kile kilichotiwa. Mtambo wa protoni wa SINQ, Uswisi, una kasoro kinyume: heliamu inazidi mno. Miale ya ayoni haipenyi zaidi ya maikromita chache, na huleta madhara kwa kasi mara elfu au zaidi ya kasi halisi, wakati matundu na atomu hizo huhama kwa mwendo wao, nao hautii haraka ya mtafiti. Kila kipimo kina kipande cha ukweli. Hakuna kipimo chenye ming'oko, heliamu, joto na muda, vyote kwa pamoja na kwa uwiano unaotakiwa.

Mwenye hesabu atajibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya nadharia, kujaza nafasi kati ya vipande. Hapa historia ina neno zito. Eugene Wigner alikwisha tambua tangu miaka ya 1940 kwamba nyutroni zingeng'oa atomu kwenye grafiti. Jambo hilo lilijulikana, likaandikwa, likahesabiwa, na bado nishati iliyojificha ndani ya grafiti kwa sababu hiyo ilichangia moto wa Windscale, Uingereza, Oktoba 1957. Huko Dounreay, kaskazini mwa Uskoti, kinu cha nyutroni za kasi kilianza kazi mwaka 1959, na baadhi ya fimbo za mafuta zilizotiwa humo zilifunikwa kwa feleji isiyoshika kutu ambayo kila mtu aliiamini. Mwaka 1967, Cawthorne na Fulton walichapisha walichokiona kwa hadubini ya elektroni: ndani ya feleji hiyo mlijaa matundu matupu madogo mno, na chuma kilikuwa kimevimba. Wahandisi waliochora kinu hawakuwa wamelipangia jambo hilo. Baadaye ilidhihirika kwamba feleji za namna hiyo, dozi ikizidi, huweza kuvimba kwa makumi ya asilimia, na ramani za vinu vya kasi duniani kote zikalazimika kuchorwa upya. Dawa nayo ilitoka kwenye vipimo: ilionekana kwamba feleji za kromiamu zisizo na nikeli nyingi, zenye mpangilio mwingine wa fuwele, huvimba kidogo sana hata dozi inapozidi ming'oko mia, na EUROFER97 ni ya ukoo huohuo. Kosa liligunduliwa kwa kupima na tiba ikapatikana kwa kupima. Ninaiheshimu nadharia iliyokuja baadaye kueleza sababu, lakini ilikuja baadaye.

Ikumbukwe pia kwamba Dounreay ilikuwa na bahati ambayo muunganiko hauna. Kilichovimba kilikuwa gamba la fimbo ya mafuta, kitu chembamba kinachotolewa na kubadilishwa kwa desturi, na kinu chenyewe ndicho kilichokuwa mahali pa kupimia. Katika kinu cha muunganiko, kitakachovimba au kuvunjika ni ukuta unaotenganisha plazma na mifereji ya kupozea. Maji au heliamu ya kupozea ikipenya tundu dogo, moto unazimika mara moja, na kinu kinabaki kimefungwa hadi mkono wa roboti ulifikie tundu lile. Mlipuko haupo, na hilo lisemwe wazi kwa sababu watu huogopa. Hasara ni ya kazi na ya fedha, ila ni hasara inayoweza kuufilisi mradi mzima.

Sasa anasimama mwenye haraka, na huyu ndiye mwenye nguvu kuliko wote siku hizi, kwa sababu ana fedha za wawekezaji. "Mwenzangu," ananiambia, "unatafuta ukuta wa kudumu miaka thelathini ilhali hakuna anayeuhitaji. Mwaka 2015 watafiti wa MIT walichora kinu kiitwacho ARC, ambacho chombo chake cha ndani hutolewa kizima baada ya mwaka mmoja au miwili na kuwekwa kingine. Sumaku zinafunguka, chombo kinainuliwa, kazi inaendelea. Kampuni ya Commonwealth Fusion Systems inajenga mtambo uitwao SPARC huko Devens, Massachusetts, na imetangaza kwamba kinu cha kwanza cha ARC kitasimama Virginia mwanzoni mwa miaka ya 2030. Mahali pazuri kuliko pote pa kupima ukuta ni ndani ya kinu chenyewe. Tujenge, tuvunje, tujifunze."

Namkubalia mambo mawili. Kwanza, ni kweli kwamba kizazi cha kwanza cha vinu hakina haja ya ukuta wa miaka thelathini, na mpango wa kubadilisha ukuta mara kwa mara ni mchoro wa mhandisi mwenye akili. Pili, ushindani wake umewaamsha waliolala. Miradi ya serikali ilikuwa imezoea kuahirisha. Lakini hoja yake, ukiifuata hadi mwisho, inaniletea mimi ushahidi. Ili ukuta ubadilishwe kwa wakati, lazima ujulikane wakati wenyewe. Je, ni kwenye mng'oko wa 15 au wa 40? Akibadilisha mapema mno, kila mwaka atazima kinu kwa majuma au miezi, atatoa makumi au mamia ya tani za chuma chenye mionzi ambacho hakuna binadamu awezaye kukikaribia, na umeme wake utakuwa ghali hadi usinunuliwe. Akichelewa, ukuta utavuja ukiwa kazini. Kati ya mapema na kuchelewa kuna pengo la fedha nyingi, na pengo hilo linazibwa na takwimu ambazo hana. Ndiyo maana nasema kwamba mpango wa ukuta wa kubadilishwa unahitaji vipimo zaidi, kwa kuwa ratiba yake yote imefungwa kwenye namba moja isiyojulikana bado.

Na kuhusu kupimia ndani ya kinu chenyewe, tufikirie mtafiti atakachokipata. Ukuta umevunjika baada ya miezi kumi na minane. Ulipata joto tofauti mahali tofauti, plazma iliuchubua upande mmoja, sumaku ziliuvuta kila moto ulipozimika ghafla, maungio yake yalichomelewa na mafundi tofauti. Kipi kilichouvunja? Katika mtambo wa kupimia, sampuli hukaa kwenye joto moja linalodhibitiwa, kwa dozi inayojulikana, na pembeni yake wapo ndugu zake kwenye joto jingine. Joto ndilo jambo kuu hapa. EUROFER97 ina nafasi yake ya kufanyia kazi, takriban kati ya nyuzi 350 na 550 za Selsiasi. Chini ya hapo, mionzi huifanya ngumu na rahisi kuvunjika; juu ya hapo hulegea na kunyooka polepole chini ya mzigo. Nafasi hiyo ni nyembamba, na hakuna ajuaye kwa hakika itasogea kiasi gani heliamu ikifikia mamia kwa milioni. Ikisogea kwa nyuzi 50 tu upande wa chini, uchaguzi wa kipozeo unabadilika, na kipozeo kikibadilika, kinu kizima kinachorwa upya. Hapo ndipo yanapoamuliwa maji au heliamu, mabomba ya unene gani, na umeme kiasi gani kutoka kwenye joto lilelile.

Mwenye haraka hataishia hapo. Ataniambia zipo nyenzo nyingine. Zipo, na ninazitakia heri. Feleji zilizotiwa punje ndogo mno za oksidi ya itriamu hustahimili joto hadi kiasi cha nyuzi 650 au zaidi, na punje hizo huivuta heliamu ijigawe kuwa viputo vidogo vingi badala ya kukusanyika mipakani. Ni wazo zuri kuliko mengi niliyoyaona katika taaluma hii. Lakini hutengenezwa kwa kusaga unga wa metali, na ukiziyeyusha kwa kuchomelea, punje huelea na kukusanyika, ubora ukapotea kwenye kiungo. Ukuta wa kinu una viungo chungu nzima. Tangsteni, inayoyeyuka kwa nyuzi 3,422, ndiyo iliyochaguliwa kuikabili plazma, na ITER yenyewe iliamua kuiweka mahali pa beriliamu. Hata hivyo ni metali inayovunjika kwa urahisi ikiwa baridi, na nyutroni huigeuza polepole kuwa reniamu na osmiamu, zikaifanya ngumu zaidi. Kabidi ya silikoni iliyofumwa kwa nyuzi zake yenyewe haiogopi joto, ila ni shida kuifanya isipitishe gesi na kuiunganisha. Aloi za vanadiamu zina sifa zake na zina pupa ya kufyonza oksijeni. Kila moja ya hizi inangoja kipimo kilekile.

Kipimo hicho kingekuwaje? Kimechorwa tangu muongo wa 1990, kwa jina la IFMIF, na wazo lenyewe ni la zamani zaidi: mradi wa aina hiyo ulikusudiwa kujengwa Hanford, Marekani, ukasitishwa miaka ya 1980. Viini vya diuteriamu huongezwa kasi hadi elektronivolti milioni 40 na kugongeshwa kwenye pazia la lithiamu iliyoyeyuka, lenye unene wa milimita 25, linaloteremka kwa mita 15 kwa sekunde ili lisichemke. Zinazotoka upande wa pili ni nyutroni zinazokaribia sana zile za muunganiko, pamoja na uwiano wake wa heliamu na ming'oko. Huko Rokkasho, Japani, sehemu ya mbele ya mashine hiyo imekwisha kujengwa kwa ushirikiano na Ulaya, na mwaka 2019 ilifaulu kuusukuma mkondo wa diuteriamu wa miliampea 125. Karibu na Granada, Hispania, katika mji mdogo wa Escúzar, kunajengwa IFMIF-DONES, yenye mkondo mmoja wa nguvu ya megawati 5. Nafasi yenye nyutroni kali kuliko zote humo ndani haizidi lita moja, ndiyo maana taaluma nzima ya sampuli ndogo, vipande vya kuvutwa na kupindwa visivyozidi urefu wa kidole, imebidi iendelezwe kwa ajili yake. Lita moja, kwa dunia nzima, kwa nyenzo zote nilizozitaja na viwango vyote vya joto vinavyohitajika. Mimi naona fedheha hapo. Gharama ya mtambo huo ni sehemu ndogo tu ya ile ya ITER, na umengojwa kwa miaka thelathini.

Wa tatu kusimama ana njia ya mkato. "Kwa nini mnang'ang'ania tritiamu?" anauliza. "Unganisheni protoni na boroni, au diuteriamu na heliamu-3. Nyutroni hazitakuwapo au zitapungua, na mjadala wenu wa ukuta utakwisha." Kampuni za TAE na Helion za Marekani zimechagua njia hizo, na Helion imeahidi kuiuzia Microsoft umeme kuanzia 2028. Jibu langu ni fupi. Protoni na boroni hudai joto kubwa mara nyingi kuliko lile la diuteriamu na tritiamu, na hata katika joto hilo huungana kwa uvivu, huku plazma ikipoteza nishati kwa miale. Njia ya heliamu-3 haiepuki diuteriamu kuungana na diuteriamu pembeni, na hapo nyutroni zinarudi, dhaifu zaidi na chache zaidi, lakini zipo. Wakifaulu, nitafurahi kama yeyote. Ila kuusimamisha utafiti wa ukuta kwa kutegemea kwamba moto mgumu zaidi utawaka kabla ya moto mwepesi ni kukokotoa kwa matumaini.

Mwenye mashaka anazungumza mwisho, na sauti yake ni ya upole. "Nyote mnabishana kuhusu jambo la 2050," anasema. "Jua na upepo vipo leo, bei zake zimeanguka, na hali ya hewa haingoji. Kwa nini fedha yoyote iende kwenye ukuta wa kinu ambacho hakipo?" Namkubalia kwamba muunganiko hautaokoa muongo huu wala ujao, na anayeutumia kama kisingizio cha kuchelewesha paneli za jua anawadhulumu watoto wake. ITER yenyewe, kwa ratiba iliyopendekezwa mwaka 2024, itawasha diuteriamu na tritiamu mwaka 2039. Tofauti yetu ni hapa: karne hii haiishii 2050, na miji mikubwa, viwanda vya chuma na mitambo ya kusafisha maji ya bahari itahitaji joto na umeme usiozimika. Tena feleji inayostahimili nyutroni si mali ya muunganiko peke yake. Vinu vya urani vya kizazi kijacho vinalia shida ileile. Kati ya matumizi yote ya utafiti wa muunganiko, kupima nyenzo ndiko kusikopotea hata kama muunganiko wenyewe utashindwa. Nikilazimishwa kukata bajeti, nitakata penginepo kwanza.

Huenda msomaji wa Goma, Kigali au Nairobi akauliza mjadala huu wa Wazungu na Wajapani unamhusu nini. Unamhusu kwa njia mbili ambazo si za kubuni. Feleji niliyoieleza ina tangsteni zaidi ya asilimia moja na tantali kidogo, na mbele yake huwekwa tangsteni tupu. Eneo la Maziwa Makuu ni kati ya wazalishaji wakubwa wa tantali duniani, huku Rwanda ikichimba pia tangsteni. Metali hizo huondoka zikiwa mchanga na mawe, na maarifa ya kuzisafisha hadi kiwango cha sehemu chache kwa milioni yanabaki kwingine. Vyuo vyetu vya uhandisi vinaweza kuingia katika taaluma hii bila kumiliki kinu: usafishaji wa metali, uchomeleaji, upimaji wa sampuli ndogo kwa hadubini ni kazi za maabara ya kawaida iliyoandaliwa vizuri. Njia ya pili ni ya mnunuzi. Kenya na Uganda zimekwisha kuanza mipango ya vinu vya nyuklia, na siku moja atakuja muuzaji wa kinu cha muunganiko akiwa na michoro ya rangi na tarehe iliyo karibu.

Muuzaji huyo, na mwenye haraka aliye nyuma yake, nitawauliza mambo yaleyale ninayotaka kila kampuni iyachapishe leo. Ukuta wenu utapata ming'oko mingapi kabla ya kutolewa, na heliamu kiasi gani? Utafanya kazi kwenye joto lipi, mahali penye baridi zaidi na penye moto zaidi? Sampuli ya feleji hiyohiyo, pamoja na kiungo chake kilichochomelewa, ilipimwa wapi, kwa nyutroni za nguvu gani, na ilikutwaje ilipovutwa hadi kukatika? Kwa sasa hakuna mwenye jibu kamili la swali hilo la mwisho, serikali wala kampuni, na kwa mwendo wa Escúzar majibu ya kwanza hayatakuja kabla ya katikati ya miaka ya 2030. Mtambo wa pili wa namna hiyo barani Asia na wa tatu Amerika ungeupunguza muda huo na kuwapa wanaoshindana kitu cha kulinganisha. Michoro ya lithiamu inayotiririka ipo tayari, na mkondo wa Rokkasho umekwisha kupita.